Duara Kwenye Ramani Halihamishi Mtu

Hotuba hii ilitolewa Kisumu mbele ya machifu na manaibu wao, maafisa wa maafa wa kaunti za ziwa, wapima ardhi, wahamasishaji wa afya ya jamii na wanafunzi wa jiografia. Tunaiweka hapa nzima kwa waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Wazee wetu, machifu na manaibu wa machifu, akina mama wa afya ya jamii, na nyinyi vijana mliokaa nyuma na kompyuta magotini, hamjambo?

Naanza na swali. Ukipewa kalamu na ramani ya Siaya, ukaambiwa kwamba hapa ufuoni kuna kinu cha nyuklia na kimepata hitilafu, utachora nini? Najua mtachora nini, kwa sababu kila mtu huchora hicho hicho. Mtaweka nukta, mtafungua bikari, mtazungusha duara. Mtasema walio ndani watoke, walio nje wakae. Ramani itapendeza, itatiwa sahihi, itafungiwa kabatini.

Basi leo nataka tulifungue hilo duara.

Kabla ya hapo tuwekane sawa. Kenya haina kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme. Tunacho chombo cha serikali cha kuandaa mpango huo, kilichoundwa na Sheria ya Nishati ya 2019, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya udhibiti wa nyuklia. Kwa miaka kadhaa mahali palipotajwa palikuwa Uyombo, Kilifi, na wakazi wengi wakapinga. Siku hizi panapotajwa ni huku kwetu, Siaya, kando ya ziwa. Sikuja kuwaambia mkubali wala mkatae. Jambo hilo lina mabaraza yake. Nimekuja kwa ajili ya swali ambalo linapaswa kujibiwa kabla ya simiti kumwagwa, tena kabla ya eneo lenyewe kuchaguliwa: watu wa hapo wakitakiwa kutoka, wanaweza kutoka? Kwa njia ipi? Kwa saa ngapi?

Swali hilo halijibiwi kwa hotuba ya mwanasiasa. Linajibiwa kwa ramani, na ramani nzuri ina kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Duara lenyewe si ujinga. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linapendekeza maeneo manne kwa vinu vikubwa. La kwanza, kilomita 3 hadi 5, watu watolewe mara tu hali ya kinu inapokuwa mbaya, bila kusubiri mionzi ivuje. La pili, kilomita 15 hadi 30, mipango iwe tayari ya kuhamisha watu au kuwafungia ndani ya nyumba. La tatu, kilomita 100, upimaji uendelee kwa siku na majuma, na wengine huenda wakahamishwa baadaye. La nne, kilomita 300, kazi ni kulinda chakula: maziwa, mboga, maji ya mvua, samaki. Ukiweka ncha ya bikari kwenye ufuo wa Rarieda, kule Siaya, zile kilomita 100 zinachukua Kisumu, Kakamega, Homa Bay na Kisii. Zile 300 zinavuka hadi Kampala na upande huu zinagusa Nairobi. Kwa hiyo nyinyi mliotoka Vihiga mkidhani jambo hili ni la jirani, kaeni vizuri.

Duara ni mahali pa kuanzia. Shida ni kwamba wengi huishia hapo.

Sikilizeni yaliyotokea Japani. Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, ardhi ilitetemeka kwa kipimo cha 9.0, bahari ikapanda, na kinu cha Fukushima Daiichi kikapoteza umeme wa kupozea. Saa mbili na dakika 50 usiku mkoa ukaagiza watu wa kilomita 2 watoke. Nusu saa baadaye serikali kuu ikasema kilomita 3. Kesho yake alfajiri, kilomita 10. Jioni yake, kilomita 20. Ndani ya saa 24 duara limetanuka mara tatu! Kuna wazee walioamshwa, wakahamishwa, wakalala, wakaamshwa tena.

Lakini si hilo linaloniuma zaidi. Watu wa mji wa Namie walikimbia kuelekea kaskazini-magharibi, hadi kitongoji cha milimani kiitwacho Tsushima. Kilikuwa nje ya duara la kilomita 20. Wakapiga kambi, wakapika, watoto wakacheza nje. Tarehe 15 Machi upepo ukageuka ukapeleka wingu la mionzi kaskazini-magharibi, mvua na theluji zikashuka, na uchafu ukatua juu ya mabonde yale yale. Kijiji cha Iitate, sehemu zake ziko kilomita 30 hadi 45 kutoka kinuni, kikachafuka kuliko sehemu nyingi zilizokuwa ndani ya duara. Wakazi wake hawakutangaziwa kuhama hadi Aprili.

Je, hapakuwa na ramani? Ilikuwepo. Japani ilikuwa na mfumo wa kompyuta wa kubashiri mwendo wa wingu la mionzi, SPEEDI. Mitambo ya kupeleka taarifa kutoka kinuni ilikuwa imekatika, hivyo hakuna aliyejua ni mionzi kiasi gani inatoka. Wataalamu wakaweka kiwango cha kubuni, kizio kimoja kwa saa, wakapata mchoro wa mwelekeo. Mchoro ulionyesha upande. Haukuwafikia watu wa Namie kwa wakati. Wakubwa waliona kwamba bila kiwango halisi mchoro hauna maana. Mimi nasema hapo walikosea. Mtu anayekimbia hahitaji kwanza kujua wingu lina uzito gani. Anahitaji kujua linaelekea wapi.

Sasa turudi kwetu. Nani hapa amelelewa ufuoni? Nyosheni mikono. Hawa ndio maprofesa wa somo hili. Mchana, nchi kavu ikipata joto, upepo unatoka ziwani kuja bara. Usiku, nchi ikipoa, unageuka, unatoka bara kwenda ziwani. Wavuvi wa matanga wamelijua hilo kabla ya kompyuta kuzaliwa. Sasa liwekeni kwenye mpango. Hitilafu ya saa nane mchana inasukuma wingu upande wa Kisumu na vilima vya Nandi. Hitilafu ile ile saa nane usiku inalisukuma majini. Na alasiri ni saa ya nini huku kwetu? Ya mvua! Mawingu yanapanda kwenye ukingo wa Nandi, Kericho inapigwa mvua ya mawe. Mvua inaosha hewa na kuteremsha kilichomo juu ya majani chai, juu ya malisho, juu ya mabati ambayo maji yake yanakingwa kwenye mapipa. Iitate yetu inaweza kuwa mbali sana na ziwa.

Kwa hiyo fundi wa ramani afanye nini? Agawe duara vipande 16, kila kimoja nyuzi 22 na nusu, kama mtu anavyokata chapati. Kwa kila kipande aandae orodha ya watu, njia na vituo. Kisha aandae angalau picha mbili za upepo, ya mchana na ya usiku, na ya tatu ya siku ya mvua. Wamarekani wana mtindo unaofanana na tundu la ufunguo: karibu na kinu watu wanatoka pande zote, na mbele zaidi wanatoka walio upande unakoelekea upepo pamoja na vipande viwili vya ubavuni. Upepo wa mita 3 kwa sekunde, ambao hapa mtu huuona wa kawaida tu, unafika kilomita 20 kwa chini ya saa mbili. Hamna muda wa kuanza kukata chapati siku hiyo.

Na jambo hili msilisahau: mipaka ya vipande hivyo msiifuate kwa bikari. Mama anayeuza omena Aram hajui yuko nyuzi ngapi kutoka kaskazini. Anajua kata ndogo yake na naibu wa chifu wake. Kwenye programu ya ramani, chukua kila kata ndogo inayoguswa na kipande, iingize yote. Mpaka uwe mto, barabara, au mpaka wa kata ndogo. Tangazo la redio litaje majina hayo na yasiwe mengine.

Majina! Hapo penyewe pana mtego. Kuna Luanda ya Vihiga, pale barabara ya Busia inapopita. Kuna Luanda Kotieno, kule feri ya Mbita inapotia nanga. Wengine huandika Lwanda. Mwambie dereva wa basi anayetoka Eldoret, "nenda Luanda uchukue watu," uone atakwenda wapi. Kila kijiji kwenye ramani kiwe na namba yake ya pekee, na dereva apewe namba pamoja na jina.

Sasa nahamia kwa watu, na hapa ndipo nitakapokaa kwa muda.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 993,183 Siaya. Rarieda ilikuwa na 152,570, Bondo 197,883. Ni hesabu safi, lakini ni ya nani? Ni ya waliolala pale usiku wa sensa. Je, kinu kitaharibika usiku wa sensa? Fikirieni Jumamosi ya kawaida. Kuna mazishi. Boma lenye watu wanane limepokea watu mia tano, magari yamepangwa hadi barabarani, hema mbili, na mabasi ya kukodi kutoka Nairobi. Fikirieni siku ya soko. Fikirieni Desemba. Fikirieni shule za bweni katikati ya muhula, halafu wakati wa likizo. Fikirieni usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa omena zikiwa zimetapakaa ziwani kama mji mwingine. Wale nao ni watu, na hakuna king'ora cha nchi kavu kinachowafikia. Mpango mzuri una angalau hesabu nne za watu: mchana wa kazi, usiku, Jumamosi ya mazishi, na sikukuu. Kwa walio majini, ofisi za ufuo ndizo zenye daftari la mashua zilizotoka. Daftari hilo liingie kwenye mpango.

Vijana mtaniambia: tutahesabu paa kutoka setilaiti. Vizuri, fanyeni. Hesabu ya kata ndogo inagawanywa juu ya majengo yanayoonekana, nanyi mnapata picha bora kuliko kumwaga watu sawasawa hadi kwenye vinamasi. Lakini boma la Kijaluo lina nyumba kubwa, simba, yaani vijumba vya vijana wa kiume, jiko, ghala na banda. Paa sita, kaya moja. Kule sokoni paa moja refu ni vibanda ishirini, na usiku hakuna anayelala humo. Kompyuta haitawaambia hayo. Naibu wa chifu atawaambia kwa dakika tano, mkimkalisha mbele ya picha.

Halafu kuna wanaotoka bila kuambiwa. Machi 1979, kinu cha Three Mile Island karibu na Harrisburg, Marekani, kilipata hitilafu. Siku ya tatu gavana akashauri wajawazito na watoto wadogo walio ndani ya maili tano, kama kilomita 8, waondoke. Ushauri uliwahusu watu maelfu machache tu. Waliofungasha na kuondoka walikuwa takriban 140,000. Mngefanya nini nyinyi? Mngekaa mkisubiri kuambiwa kwamba hamhusiki? Tangu hapo wapangaji wa Marekani, wakikadiria muda wa kuhamisha watu, hudhani kwamba asilimia 20 ya walio nje kidogo ya eneo watatoka pia na kujaza barabara. Kwetu, ambako habari ya simu inafika Ugunja kabla ya chifu wa Rarieda kuvaa kofia, mimi nisingeanza na 20. Jaribuni 20, jaribuni 40, muone barabara inavunjika wapi.

Na kuna wasioweza kutoka hata wakiambiwa. Katika mji wa Okuma, chini ya kilomita 5 kutoka kinu cha Fukushima, kulikuwa na Hospitali ya Futaba na nyumba ya wazee jirani yake. Kwa pamoja zilikuwa na wagonjwa na wazee zaidi ya 400. Waliojiweza walitoka tarehe 12. Waliobaki walisubiri siku kadhaa, bila umeme na kwa wahudumu wachache. Kundi moja likapakiwa kwenye mabasi, watu wa kulala wameketishwa kwenye viti, bila daktari, wakasafiri zaidi ya saa kumi na zaidi ya kilomita 200 kwa sababu njia fupi ilipita eneo la hatari na hapakuwa na hospitali iliyokubali kuwapokea. Wazee na wagonjwa wapatao 50 wa sehemu hizo mbili walikufa, wakati wa safari ile au kwa matokeo yake. Hawakuuawa na mionzi. Waliuawa na uhamishaji. Na katika mkoa mzima, vifo vilivyotokana na dhiki ya kuhama na maisha ya kambini vimehesabiwa kupita 2,000.

Rudieni moyoni maneno hayo, kwamba waliuawa na uhamishaji, kwa sababu inageuza mpango wote. Kuhamisha mtu ni dawa, na dawa hii inaua ikipewa vibaya. Kuna wagonjwa ambao kwao siku mbili ndani ya jengo la mawe, madirisha yamefungwa, ni salama kuliko saa kumi garini. Kwa hiyo tabaka la hospitali na zahanati kwenye ramani yenu lisiwe nukta nyekundu tu. Kila nukta ibebe mambo haya: vitanda vingapi, wagonjwa wangapi wa kulala, wangapi wa oksijeni, jengo ni la mawe au la mabati, ambulensi ngapi, na hospitali ipi ya mbali imekubali kwa maandishi kuwapokea. Kama safu hiyo ya mwisho iko tupu, mpango wa hospitali hiyo haupo.

Kwenye nukta hizo hizo wekeni ghala la vidonge vya iodini, vya kulinda tezi ya shingo. Mtu mzima humeza miligramu 130 za iodidi ya potasiamu, watoto kipimo kidogo kulingana na umri. Muda wake bora ni kuanzia saa 24 kabla ya wingu kufika hadi saa 2 baada ya kuanza kufika. Ghala likiwa Kisumu na wingu likiwa Rarieda, hesabuni wenyewe. Chernobyl ilitufundisha kwa uchungu: iodini yenye mionzi ilitua nyasini, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, na miaka iliyofuata saratani ya tezi ya shingo ikaonekana kwao. Huku kwetu, ambako maziwa yanauzwa kwa kipimo cha kikombe njiani, tabaka la njia za maziwa linahitajika kama la barabara.

Ndiyo, barabara.

Mji wa Pripyat ulikuwa kilomita 3 kutoka Chernobyl. Kinu kililipuka tarehe 26 Aprili 1986, saa saba na dakika 23 usiku. Watu walianza kuhamishwa kesho yake saa nane mchana, saa 36 baadaye, na kuchelewa huko ni aibu ya serikali ya wakati ule. Lakini walipoamua, watu wapatao 49,000 walitolewa kwa muda wa saa tatu hivi. Kwa nini waliweza? Mabasi yapatayo 1,200 yalikuwa yamekusanywa yakisubiri usiku kucha, watu walikaa maghorofani, na kila basi lilisimama kwenye mlango uliojulikana.

Chukueni hesabu hiyo mje nayo Rarieda. Tuseme, kwa mfano tu, watu 60,000 wanatakiwa kutoka kwenye ile ncha ya nchi iliyoingia ziwani. Kila basi watu 40, sawa na Pripyat. Hizo ni safari 1,500. Tukiwa na mabasi 100, kila moja linarudi mara 15. Mzunguko mmoja, kupakia, kwenda, kushusha na kurudi, tuupe saa 3. Jumla ni saa 45. Pripyat saa 3, sisi 45. Na hapo hakuna basi lililokwama, hakuna dereva aliyekataa kurudi kuchukua watu wa raundi ya pili. Mnadhani wote watarudi? Kwenye raundi ya pili dereva ameshaacha familia yake Kisumu na ameshasikia redio.

Mabasi 100 hayo nayo yanapita wapi? Barabara ya lami kutoka Luanda Kotieno inapanda hadi Ndori. Hapo inakutana na ile ya Bondo inayokwenda Kisian, na Kisian inakutana na ile ya Busia. Mkiitazama kwenye programu mtaona koo mbili za chupa, Ndori na Kisian. Kuongeza mabasi hakupanui koo. Kinachosaidia ni askari wa trafiki waliopangwa pale kabla ya foleni kuanza, bodaboda kupewa ukingo wao, magari ya kutoka upande wa pili kugeuzwa mapema, na lori la kuvuta gari lililokufa kukaa hapo hapo.

Wengine watasema, feri si iko? Iko. Ni njia nzuri ya kwenda Mbita, ila feri ina idadi yake, gugumaji lina siku zake, na usiku upepo wa nchi kavu unapeleka wingu hilo hilo majini. Ipeni feri kazi yake kwenye picha ya mchana, kwenye picha ya usiku ifutwe.

Sasa fundi anayechora mtandao wa barabara, sikia makosa yanayojirudia. La kwanza, mistari isiyogusana. Kwa macho barabara mbili zimekutana. Ukikuza mara mia, kuna mwanya wa mita mbili. Programu ya kutafuta njia haioni makutano, inampitisha mtu kilomita 30 kuzunguka. Au kinyume chake: mto na barabara vinakatana, kompyuta inadhani pana daraja, kumbe ni kivuko cha miguu. Njia ya kupima ni rahisi. Chagua nukta 20 za vijiji, iambie programu itafute njia hadi Kisumu, kisha mpe dereva wa matatu wa njia hiyo atazame. Akicheka, rekebisha.

La pili, barabara za murram kupewa mwendo wa Januari. Udongo mweusi wa pamba ukinywa maji ya Aprili, gari la kilomita 40 kwa saa linakwenda 10, au haliendi. Uwanda wa Kano unajulikana: Nyando ikifurika, barabara zinakatika. Kila kipande cha barabara kiwe na safu ya kiangazi na safu ya masika, na kila daraja liwe na uzito linaoubeba. Basi lililojaa si gari dogo la probox.

La tatu ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu halionekani. Nchi yetu imekatwa na ikweta. Kibao kiko pale Maseno, mnapigia picha. Mji wa Siaya uko kaskazini ya ikweta, Bondo iko kusini. Latitudo ya Bondo ni takriban hasi 0.1. Karani akiingiza orodha ya shule kutoka simuni na ile alama ya kutoa ikidondoka, kitatokea nini? Nchi nyingine kosa hilo lingetupa shule katika bara jingine na kila mtu angeliona. Hapa linaisogeza kilomita 22 tu kaskazini. Shule ya Bondo inaangukia karibu na mji wa Siaya, juu ya nchi kavu, katikati ya vijiji, imetulia kabisa. Hakuna atakayeshtuka, na basi litatumwa huko.

Ndugu yake ni ramani za zamani za karatasi. Nyingi zimechorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati simu na setilaiti zinatumia WGS 84. Ukiziweka pamoja bila kugeuza, kila kitu kinasogea takriban mita 300. Mita 300 zinatosha kuhamisha daraja lisikae juu ya mto wake, na kuitoa zahanati kata ndogo moja kuiingiza nyingine. Tena wenzetu wa Nakuru wakituletea data, wao wako ukanda wa 37 wa gridi ya ramani na sisi wa 36. Afadhali huo, kosa lake linapiga kelele. Dawa ni moja: kabla ya kuunganisha chochote, uliza kila faili imepimwa kwa msingi upi, na andika jibu kwenye jina la faili. Kisha chagua mahali pachache mnapopajua, kanisa, gati, makutano, mpime kwa miguu.

Jambo la mwisho, nalo nitalipita upesi. Fukushima walikuwa na jengo maalum la kuongozea dharura. Lilikuwa Okuma, kama kilomita 5 kutoka kinuni. Umeme ukakatika, simu zikakatika, jengo halikuwa na vichujio vya kuzuia mionzi, na tarehe 15 Machi wakuu wenyewe wakahama kwenda mji wa Fukushima. Chumba cha ramani kikawa cha kwanza kuhitaji ramani. Chenu kiwe nje ya kilomita 30, na pacha wake upande mwingine wa upepo. Na kila ramani iwe na nakala ya karatasi, kubwa, yenye miraba na namba, imefunikwa plastiki, kwa kila chifu na kila kituo cha polisi. Siku hiyo mtandao wa simu utakuwa umeelemewa na watu wanaoulizana wako wapi.

Kwenye plastiki hiyo ndipo wapimaji watakapoandika vipimo vinavyoingia kwa redio. Mikrosiverti, yaani kizio cha mionzi, zikiwa 1,000 kwa saa, watu watoke mara moja. Mikrosiverti 100, waandaliwe kuhamishwa. Juu ya 1, chakula cha shambani na maziwa yasiliwe hadi yapimwe. Vijana, msikimbilie kupaka rangi kati ya vipimo sita na kuiita ramani ya mionzi. Iitate yenu inaweza kuwa kati ya vipimo. Acheni nafasi nyeupe, pelekeni gari la kupima huko.

Mlangoni kuna meza. Kila naibu wa chifu atakuta picha ya kata ndogo yake, ukubwa wa meza ya kulia chakula. Nendeni nayo kwa mkutano wa nyumba kumi. Wekeni msalaba kwa daraja linalofunikwa na maji, duara kwa nyumba yenye mtu asiyetembea, nyota kwa mwenye gari au mashua ya injini, na mwandike jina ambalo watu wanaliita mahali, hata kama si lile la serikali. Tumieni penseli, maana mtafuta mara nyingi. Tutazikusanya hapa hapa baada ya majuma matatu, na safari hii mtakaokuwa mnatuhutubia ni nyinyi.